Mvinyo wa Tunda Lisilojitosheleza

Mvinyo wa bluberi ni kinywaji cha nyumbani cha kaskazini-mashariki mwa Marekani na mashariki mwa Kanada, pande ambako tunda hilo huota lenyewe. Viwanda vidogo vinavyoutengeneza vipo, lakini makao yake ya kawaida ni jikoni na chumba cha chini ya nyumba, kwenye ndoo na madumu ya kioo, mikononi mwa watu ambao mwezi wa Agosti walichuma mengi kuliko walivyoweza kula. Mbele ya wanywaji wa mvinyo wa zabibu ufundi huu hauna jina kubwa. Unastahili heshima zaidi ya hiyo, na sababu yake imo ndani ya tunda lenyewe.

Zabibu iliyoiva vizuri ina karibu kila kinachohitajika: sukari ya kuzaa kileo cha asilimia 12 au 13, asidi ya kadiri, chakula cha hamira, na maji yake yenyewe. Ikipondwa na kuachwa, itakuwa mvinyo, uwe mzuri au mbaya. Mnazi hauhitaji hata kupondwa. Ukigemwa asubuhi, jioni umeshachacha. Bluberi haina bahati hiyo. Sukari yake ni kama nusu tu ya ile ya zabibu za mvinyo. Asidi yake ni kali. Naitrojeni, ambayo hamira huihitaji ili ikue na kuongezeka, ni haba. Zaidi ya hayo, tunda lina asidi ya benzoiki kidogo, ya jamii ileile inayotiwa kwenye soda na sosi za chupa ili visiharibike. Kwa hiyo hakuna mvinyo wa bluberi unaotokea wenyewe. Kila chupa inayonyweka imetokana na mtu aliyejua tunda limepungukiwa na nini, akalijazia kwa kipimo, kisha akajua mahali pa kukoma.

Bluberi ziko za namna mbili kuu. Ya kwanza ni ya mwituni, kichaka kisichofika gotini, ambacho wataalamu hukiita Vaccinium angustifolium. Hutanda kwenye nyika za Maine, hasa upande wa mashariki wa jimbo hilo, na katika Nova Scotia na majimbo jirani ya Kanada, kwenye udongo wa kichanga ulioachwa na barafu kuu ya kale, wenye asidi ambayo mimea mingi haiivumilii. Hakuna aliyeipanda. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiwamo Wapassamaquoddy na Wami'kmaq, walizichoma nyika hizo kwa moto wa juujuu ili miti isizifunike na mashina ya bluberi yachipue upya kutoka chini ya ardhi, na wakulima wa leo wanaendelea na utaratibu huohuo kwa moto au kwa mashine ya kufyeka: shamba hufyekwa mwaka mmoja, huzaa mwaka unaofuata. Mavuno ni Agosti. Mchumaji huinama na reki fupi ya mkononi yenye meno mengi yaliyobanana, huipitisha kati ya majani, huinyanyua, na matunda hubaki ndani pamoja na vijiti na majani machache ambayo baadaye hupepetwa.

Namna ya pili ni ya kichaka kirefu, Vaccinium corymbosum, na hii ndiyo inayojaza maduka ya dunia. Ilikuwa ya mwituni pia hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba bluberi hufa kwenye udongo mzuri wa bustani kwa sababu inataka udongo wenye asidi. Mwaka 1911 Elizabeth White, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba ya Whitesbog katika New Jersey, alimwandikia akitaka kushirikiana naye. White aliwalipa watu wa misituni waliomletea matunda makubwa kuliko ya kawaida, na vichaka vyao vilipewa majina yao; aina iitwayo Rubel, ambayo ingali ikilimwa, ilipatikana kwa njia hiyo. Mwaka 1916 mavuno ya kwanza ya bluberi ya kupandwa yalipelekwa sokoni. Mimea iliyotokana na kazi hiyo imeenea mabara yote yanayolimika, na siku hizi hata nyanda za juu za Kenya, Murang'a ikiwamo, zina mashamba yanayouza bluberi nje.

Kwa mvinyo, tunda dogo la mwituni lina faida ya wazi. Ukiipasua bluberi kwa kisu utaona kwamba nyama yake ni nyeupe inayoelekea kijani. Rangi yote, na sehemu kubwa ya ladha ya kukwaruza inayoupa mvinyo mwili, imo kwenye ganda. Matunda madogo yana ganda jingi kwa kila kilo kuliko makubwa. Mtu mwenye bluberi kubwa za dukani hana sababu ya kukata tamaa, ila ataongeza kilo. Na asitafute matunda mazuri ya kupambia keki: yaliyolainika mno kwa safari ndiyo yaliyoiva kweli, na hayana kasoro yoyote kwa kazi hii maadamu hayajaota ukungu. Tunda moja lenye ukungu litupwe bila huruma, kwa kuwa ladha yake huenea ndoo nzima.

Hatua ya kwanza huwashangaza wanaoanza: matunda hugandishwa. Sababu si kuyahifadhi tu. Maji yaliyomo ndani ya tunda yakiganda hutanuka na kuwa chembe za barafu zenye ncha, ambazo hupasua kuta za seli. Bluberi iliyotoka kwenye friza na kuyeyuka huwa imelegea, imekwisha kuvuja, na ganda lake huachia rangi kwa kubonyezwa kidogo tu. Bluberi mbichi, kinyume chake, huteleza chini ya mchi na kuruka nzima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mvinyo huu huanzishwa miezi ya baridi, wakati mavuno ya Agosti yanapotolewa kwenye friza na hakuna kazi nyingine ya shamba. Uchemshaji haufai. Moto huitoa rangi haraka, lakini pia huikaza pektini, ile pektini inayogandisha jemu, na mvinyo uliotokana na matunda yaliyochemshwa unaweza kubaki na ukungu wa kijivu usiotoka.

Matunda yaliyoyeyuka hutiwa kwenye mfuko wa nailoni wenye matundu, ndani ya ndoo ya plastiki inayofaa kwa chakula, na kupondwa kwa mkono au kwa mti safi. Chuma, shaba na alumini havitumiki, kwani asidi huvila na kuacha ladha ya madini. Chuma cha pua hakina tatizo. Hapo rangi inaanza kuonekana kwa mara ya kwanza, na si buluu hata kidogo. Anthosiani, yaani rangi asilia ya bluberi, hubadilika kufuata asidi: kwenye asidi kali huwa nyekundu, asidi ikipungua huelekea zambarau, na ikiisha huwa buluu. Anayetaka kuliona jambo hili adondoshe tone la juisi kwenye maji yenye magadi kidogo. Ile buluu inayoonekana kwenye tunda zima inatokana na utando mweupe wa nta uliofunika ganda lenye rangi nzito. Nta ikitoka, kinachobaki ndooni ni rojo la rangi ya damu ya mzee.

Kwa dumu la lita 4, kilo 2 za matunda hutoa mvinyo wenye ladha ya kutosha. Wengine hutumia kilo 1 tu na kujaza maji, wakapata kinywaji chepesi kinachokumbusha tunda kwa mbali. Ubahili huo haufai, kwa maana hakuna kinachoongezwa baadaye kinachoweza kuurudisha utamu wa bluberi wenyewe. Maji yanayotiwa yanapunguza pia ukali wa asidi, na ndiyo sababu hayawezi kuachwa kabisa.

Hesabu ya sukari ni nyepesi. Takriban gramu 17 za sukari kwa kila lita huzaa asilimia 1 ya kileo. Mvinyo wa asilimia 12 unahitaji basi gramu 204 kwa lita, yaani zaidi kidogo ya gramu 800 kwa dumu zima. Kilo 2 za bluberi zenye sukari ya asilimia 10 huleta gramu 200, na zilizobaki, kama gramu 600, hutoka kwenye mfuko wa sukari. Haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea juu au chini kulingana na uzito wa kimiminika, ndiyo inayothibitisha hesabu: isomeke karibu na 1.085. Chombo hiki ni cha bei ndogo, na ndicho kinachotofautisha fundi na mbahatishaji. Asiyekuwa nacho hajui alianzia wapi, na asiyejua alianzia wapi hawezi kujua kama amefika.

Kisha huja metabisalfaiti ya potasiamu, unga au kidonge kimoja kwa dumu, ambayo hunyamazisha bakteria na hamira za mwituni zilizokuja na maganda. Saa kumi na mbili baadaye hutiwa kimeng'enya cha kuvunja pektini, ambacho hulainisha nyama, huongeza juisi na kuuhakikishia mvinyo ung'avu wake. Hamira haiguswi mpaka saa 24 zipite tangu salfaiti iingie, ili makali yake yapungue. Kwa upande wa tanini, inayoleta ile ladha ya kukwaruza, familia nyingi hutumia kikombe cha chai kavu ya rangi iliyokolea, na huo ni ujuzi wa kweli, maana tanini ya chai ni ya jamii moja na ile inayokaza ulimi kwenye mvinyo mwekundu. Zabibu kavu zilizokatwakatwa, zinazopatikana kwenye mapishi mengi ya zamani, huongeza mwili kidogo.

Hamira ya mkate haitumiki na fundi makini. Itachachusha, ndiyo, lakini haiwezi kutegemewa kileo kikizidi, haishikani chini ya chombo, na huacha harufu ya unga. Hamira za mvinyo huuzwa kwenye vipakiti vya gramu 5, kila moja na tabia yake. Lalvin EC-1118 ni ngumu, hustahimili asidi na kileo, na hufaa kwa rojo lenye ukaidi. Lalvin 71B hula sehemu ya asidi ya maliki na kuacha harufu ya matunda, na kwa mwenye subira ya kuitunza hutoa mvinyo laini zaidi. Yoyote itakayochaguliwa, haitupwi tu juu ya rojo. Huamshwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda wa robo saa hivi, kisha huongezewa rojo kijiko kwa kijiko, ili izoee asidi kabla ya kuingizwa yote. Hatua hii wengi huiruka, na wengi hao ndio wanaolalamika kwamba bluberi haichachi.

Pamoja na hamira huenda chakula chake, chumvi yenye naitrojeni, ambayo maduka ya vifaa vya mvinyo huiuza kama chakula cha hamira. Hapa ndipo tunda hili linapompima mtengenezaji kuliko mahali pengine pote. Hamira yenye njaa haifi kimya. Hutoa harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni gesi ya salfa inayotengenezwa naitrojeni inapokosekana, na baadaye hulala kabisa, mvinyo ungali na sukari nyingi. Mtu mwenye pua iliyofundwa huigundua harufu hiyo ikiwa bado hafifu, huongeza chakula, hukoroga rojo ili hewa iingie, na siku ya pili harufu imetoweka. Kutia chakula chote mwanzoni si busara. Nusu mwanzoni, nusu theluthi moja ya sukari ikishaliwa, ndiyo desturi ya wenye uzoefu. Naitrojeni ya kupita kiasi nayo ina madhara yake, kwani kinachobaki bila kuliwa na hamira huwa chakula cha bakteria.

Uchachukaji ukishika, ndoo hupata maisha yake. Hewa ukaa huyainua maganda hadi juu na kuyafanya kofia nene, yenye joto kuliko rojo la chini, inayopasuka hapa na pale na kutoa mvuke wa tunda na hamira. Ukiisogezea sikio unasikia mchemko mdogo usiokoma. Kofia hiyo isipozamishwa hukauka na kuvutia nzi wa siki, nao huleta bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Kwa hiyo huzamishwa kwa mwiko safi asubuhi na jioni, na kila inapozamishwa rangi mpya hutoka kwenye maganda. Ndoo isijazwe zaidi ya theluthi mbili, la sivyo povu la zambarau litafurika mpaka sakafuni, na doa la bluberi kwenye mbao halitoki. Joto la chumba la nyuzi 18 hadi 24 linatosha. Baada ya siku 5 hadi 7, haidromita ikiwa imeshuka hadi karibu 1.020, mfuko hunyanyuliwa na kuachwa uchuruzike, kisha hukamuliwa kwa upole. Kuusokota kwa nguvu hutoa machicha na uchungu wa mbegu, na faida yake ni glasi moja au mbili tu.

Kilichobaki huhamishiwa kwenye dumu la kioo na kufungwa kwa kizibo chenye kibomba kilichotiwa maji, kinachoruhusu hewa ukaa itoke bila kuingiza hewa ya nje. Tangu hapo adui ni oksijeni. Siku za mwanzo hamira iliitaka ili ijenge miili yake. Sasa itafifisha rangi na kuugeuza mvinyo uwe na ladha ya tufaha lililokatwa na kusahauliwa. Dumu hujazwa mpaka shingoni. Baada ya mwezi mmoja hivi, mashapo meupe yakishatulia chini, mvinyo hunyonywa kwa mpira hadi dumu jingine safi, ncha ya mpira ikiwa juu ya mashapo na ncha ya pili ikiwa imezama ili mvinyo usirukeruke. Huhamishwa tena kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kati ya kuhamisha na kuhamisha hakuna la kufanya, na walioizoea kazi hii hupenda kipindi hicho kuliko vyote: mshumaa ukiwekwa nyuma ya dumu, mwezi wa kwanza mwali hauonekani, mwezi wa tatu huonekana kama doa jekundu, mwezi wa sita, mambo yakienda sawa, huonekana mwali wenyewe na utambi wake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyesikia habari za pombe zilizopofusha na kuua, swali la usalama ni halali. Maafa yale hutokana zaidi na methanoli ya viwandani iliyochanganywa kwenye pombe kali. Mvinyo uliochachushwa tu bila kukenekwa huwa na methanoli kidogo sana, ile inayotoka kwenye pektini ya tunda. Hatari halisi ya mvinyo wa nyumbani ni nyingine: chupa inayolipuka. Mvinyo ukitiwa kwenye chupa kabla sukari haijaisha, au ukiongezwa sukari huku hamira ingali hai, utaendelea kuchacha ndani ya kioo kilichofungwa, na msukumo wa hewa hukipasua. Haidromita isomeke 0.995 hivi na isibadilike kwa wiki kadhaa kabla ya kutia chupani. Anayependa utamu hutia kwanza salfaiti na sobati ya potasiamu, ambazo kwa pamoja huizuia hamira isizaane tena, kisha ndipo aongeze sukari kidogo kidogo huku akionja.

Juu ya utamu, ladha za watu zinatofautiana, na kuna dhana kwamba mvinyo wa bluberi lazima uwe mtamu wa kunywewa baada ya chakula. Dhana hiyo imeidhulumu bluberi. Kiwanda cha Bartlett, kilichoanzishwa Gouldsboro, Maine, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilijijengea jina kwa mvinyo mkavu wa bluberi za mwituni uliokomazwa kwenye mapipa ya mwaloni, na kikaonyesha kwamba tunda hili likitunzwa kwa uzito uleule wa zabibu linaweza kukaa mezani pamoja na nyama. Mtengenezaji wa nyumbani hana pipa, lakini vipande vya mwaloni vilivyookwa, gramu chache ndani ya dumu kwa mwezi mmoja au miwili, hufanya kazi inayokaribiana.

Sheria ya Marekani inauruhusu ufundi huu ndani ya mipaka. Hata wakati wa marufuku ya pombe, kati ya mwaka 1920 na 1933, sheria iliacha mlango wa juisi za matunda zinazotengenezwa nyumbani, na nyumba nyingi zilipitia mlango huo. Sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inamruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kutengeneza galoni 100 kwa mwaka bila kodi, sawa na lita 380 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kuuza hakuruhusiwi. Zawadi, basi, ndiyo njia ya kawaida ya mvinyo huu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Chupa huwa za kioo cha kijani au kahawia, kwa kuwa mwanga huifisha rangi ya bluberi. Hulazwa mahali penye baridi na giza. Mvinyo unaoonjwa siku ya kutiwa chupani huwa mkali, na harufu ya tunda huwa kama imejificha. Miezi sita baadaye asidi imetulia na tanini imelainika, na kwa mwaka mmoja mvinyo mwingi huwa umefika ubora wake. Mkavu, wenye kileo cha asilimia 12 na tanini ya kutosha, huweza kudumu miaka miwili au mitatu zaidi. Hunyweka vizuri ukiwa umepozwa kidogo, nyuzi 14 hadi 16, pamoja na bata, nyama ya porini au jibini iliyokomaa, na ule wa kilo 1 kwa dumu hunywewa baridi zaidi na mapema, kabla mwaka haujaisha.